UZI: Springfield ndiko Obama alikofundwa useneta, Boston alikwenda kuonyesha tu

Karani wa Kamati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Kila Obama anapotajwa humu, watu huanzia Boston, usiku wa tarehe 27 Julai 2004, kwenye ile hotuba ya mkutano mkuu wa Democratic. Aliyepanda jukwaa usiku ule alikuwa ameshakaa miaka saba na nusu katika bunge la jimbo la Illinois, na miaka sita ya hiyo akiwa kambi ya walio wachache, ambako mswada wako unaweza kufia kamatini bila hata kusomwa. Naomba tuipitie kazi ile kwa vipimo vyake: saini, mipaka, hesabu ya kura, kamati. Kwa maoni yangu huko ndiko mwanasiasa yule alikotengenezwa.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake. La Illinois linakaa mji wa Springfield, kilomita zipatazo 320 kutoka Chicago, lina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118. Linatunga sheria za jinai, polisi, shule, kodi ya jimbo na bima. Seneti ya Washington ni nyingine, ina watu 100, wawili kwa kila jimbo. Kwa hiyo Obama amekuwa seneta mara mbili, katika nyumba mbili tofauti: Springfield kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, kisha Washington kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008. Sehemu anayoiwakilisha seneta wa jimbo nitaiita "eneo", tusije tukachanganya na jimbo lenyewe.

Aliingiaje? Eneo la 13, kusini mwa Chicago, lilikuwa la Alice Palmer. Mwaka 1995 kiti cha Congress kwenye eneo jirani kikawa wazi kwa sababu Mel Reynolds alijiuzulu. Palmer akatangaza anakitaka, akamuunga mkono Obama arithi kiti chake cha Springfield. Mwishoni mwa Novemba akashindwa kura za maoni za ndani ya chama na Jesse Jackson Jr., naye akataka kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama alikataa kumpisha.

Hapo ndipo karatasi zilipoamua. Mgombea wa kiti kile alihitaji saini halali 757 za wapiga kura wa eneo lile. Obama alipeleka zaidi ya 3,000 siku ya kwanza kabisa ya kupokea fomu, tarehe 11 Desemba 1995. Palmer alipeleka 1,580 siku ya mwisho, tarehe 18, zikiwa zimekusanywa kwa siku chache. Kambi ya Obama ikaweka pingamizi, saini zikakaguliwa moja moja, na theluthi mbili hivi za Palmer zikafutwa. Wagombea wengine watatu nao wakaenguliwa kwa pingamizi hizohizo: mmoja alileta 1,899 akapungukiwa na 69, mwingine alileta 1,286 akapungukiwa na 86. Kura za maoni za Machi 1996 Obama akapita bila kupingwa, na Novemba akashinda kwa asilimia 82.

Kwa hiyo ushindi wake wa kwanza ulipatikana mezani, kwenye daftari la wapiga kura.

---

Binti Likoni

Ahsante kwa uzi, Karani. Lakini nauliza moja kwa moja: mtu aliyewahi kuandikisha wapiga kura mjini, tena wakili wa haki za kiraia, anawaengua wapinzani wote wanne kwa pingamizi, hiyo ni haki? Wakazi wa eneo la 13 walinyimwa kuchagua ndani ya chama, na eneo lile Democratic ndiyo kila kitu. Uchaguzi wenyewe ulikuwa kura za maoni, na kura za maoni hazikuwa na mshindani.

---

Mwalimu wa Uraia

Binti Likoni, swali lako ni zito na halijaisha makali hata leo. Kisheria hakukosea. Kisiasa ilimwachia doa kwa wazee wa chama upande wa kusini, na doa hilo lilimrudia mwaka 2000, nadhani Karani atafika huko.

Niongeze namna saini zinavyofutwa, maana kwa Tanzania tumezoea wadhamini wachache wa fomu ya ubunge na mtu anadhani 757 ni idadi ndogo. Kule saini inaanguka kwa sababu hizi: aliyesaini hajaandikishwa kupiga kura, ameandikishwa lakini kwa anwani nyingine, anaishi nje ya mstari wa eneo, hata kama ni barabara moja tu, ameandika jina kwa herufi za kuchapa wakati kadi yake ya usajili ina saini ya mkono, au mkusanyaji mwenyewe ana kasoro, na hapo karatasi nzima inakwenda na maji hata kama majina yote yaliyomo ni safi. Kila karatasi lazima iwe na kiapo cha mkusanyaji kilichoshuhudiwa na ofisa wa viapo, na karatasi zote ziwe na namba na zifungwe pamoja.

Majira yale daftari la Chicago lilikuwa limetoka kusafishwa, majina mengi yameondolewa. Mtu aliyesaini akiamini bado yumo, kumbe hayumo. Ndiyo maana wazoefu wa siasa za Chicago hukusanya mara mbili au tatu ya kiwango, wakaanza kuyakagua majina yao wenyewe kabla adui hajayakagua. Ukikusanya kwa haraka ukapata mara mbili ya kiwango bila kukagua, bado hujapata kitu. Palmer alikuwa na 1,580 na hazikumtosha.

---

Karani wa Kamati

Mwalimu umemaliza kazi. Sasa tuingie Springfield.

Alipoapishwa Januari 1997, Republican ndio walioshika Seneti chini ya James "Pate" Philip. Rais wa Seneti ya Illinois (ndiye spika wao) ana nguvu zinazowashangaza hata Wamarekani wa majimbo mengine. Kamati ya Kanuni iko mkononi mwake, na mswada usipopangiwa kamati na Kamati ya Kanuni unabaki humo mpaka kikao kife. Hakuna anayeupigia kura ya hapana, na hakuna anayejulikana kaukataa. Mwanachama wa walio wachache ana njia tatu tu: kutafuta Republican wa kuubeba naye, kubandika marekebisho kwenye mswada wa mwingine, au kukubali kupewa kazi ambayo wakubwa hawaitaki.

Obama alipata hiyo ya tatu. Mwaka 1998 vyama vyote viwili vilihitaji mtu wa kujadili sheria ya maadili, ya kuzuia zawadi kutoka kwa watu wanaolipwa kushawishi wabunge. Wenzake wengi hawakuitaka, maana anayeibeba anawaudhi watu wote wa bunge kwa mpigo mmoja. Emil Jones, kiongozi wa Democratic, akampa. Seneti ikaipitisha kwa kura 52 dhidi ya 4. Ilikataza zawadi nyingi, ikakataza kuchangisha fedha za kampeni ndani ya majengo ya jimbo, na ikazuia mbunge kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yake binafsi. Shimo lake liko wazi: aliyekuwa na salio kabla ya katikati ya 1998 aliruhusiwa kubaki na haki ya kulitumia binafsi kwa kiwango kilekile. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa ili kura zitimie.

Jambo la pili ni hesabu ya kura, na hapa nakaa kidogo kwa sababu linaelezwa vibaya sana. Katika bunge la Illinois mswada haupiti kwa wingi wa waliopo. Unapita kwa wingi wa viti vyote: 30 kati ya 59 kwa Seneti, 60 kati ya 118 kwa Baraza. Mezani mbunge ana vitufe vitatu: kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana, cha njano ni "nipo". Kwa kuwa kinachotafutwa ni kijani 30, njano na chekundu vinafanya kazi ileile. Mswada ukipata ndiyo 29, hapana 5 na "nipo" 25, umeanguka.

---

Mtu wa Kura

Karani, hapo usiende kwa kasi. Alibonyeza "nipo" karibu mara 130 katika kura zipatazo 4,000, na Hillary Clinton alimwandama nayo mwaka 2007 na 2008. Kama matokeo ni sawa na hapana, kwa nini usiseme hapana ukaeleweka? Mwananchi ana haki ya kujua msimamo wa mwakilishi wake.

---

Karani wa Kamati

Mtu wa Kura, hoja yako naikubali kwa sehemu. Kwa nini watu hutumia njano? Sababu zilikuwa tatu kwa kawaida. Kwanza, mswada una lengo zuri lakini umeandikwa vibaya kikatiba, na unataka kumbukumbu ionyeshe hukupinga lengo. Pili, ni mtego: upande wa pili umeleta mswada ili kura yako ya hapana iwekwe kwenye kipeperushi cha kampeni. Tatu, mkakati wa pamoja. Kwenye miswada ya utoaji mimba, shirika la Planned Parenthood la Illinois lilikubaliana na baadhi ya Democratic wabonyeze "nipo" kwa pamoja, ili wenzao wa maeneo magumu wapate pa kujificha bila mswada kupita. Obama, aliyekuwa na eneo salama, aliwabebea kivuli wenzake.

Lakini zimo pia kura ambazo alibaki "nipo" peke yake au na wachache mno. Kwa hizo maelezo ya mkakati hayatoshi, na mimi sitamtetea.

---

Nyota ya Ziwa

Wadau, kuna kitu kinaitwa kofia ya Lincoln ambacho bila hicho Obama asingekuwa na orodha ya sheria ya kujivunia. Naomba nikieleze.

Katiba ya Illinois ya 1970 inasema mipaka ya maeneo ya bunge ichorwe upya baada ya kila sensa. Bunge likishindwa kukubaliana, inaundwa tume ya watu wanane, wanne kila chama. Wanane nao wakigawanyika nne kwa nne, Mahakama ya Juu ya jimbo inatoa majina mawili, moja kila chama, na Katibu wa Jimbo anachomoa jina moja kwa bahati nasibu. Huyo anakuwa mjumbe wa tisa. Mwenye mjumbe wa tisa ndiye mwenye ramani.

Walioandika kifungu hicho walidhani hofu ya kupoteza kila kitu italazimisha vyama vikubaliane. Ikawa kinyume: kila chama kiliona nusu kwa nusu ya kupata kila kitu ni dau zuri. Jina lilichomolewa 1981, 1991 na 2001. Mwaka 1991 walipata Republican, wakachora ramani, wakaitwaa Seneti kwenye uchaguzi wa 1992. Hiyo ndiyo Seneti aliyoikuta Obama. Septemba 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, akachomoa, kutoka kofia ya mtindo wa Abraham Lincoln, jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago, mtu wa Democratic. Ramani ikabadilika mkono. Uchaguzi wa Novemba 2002 ukaleta Democratic 32, Republican 26 na mmoja huru.

Na eneo la 13 lenyewe likachorwa upya. Badala ya kuelekea magharibi kwenye mitaa maskini ya upande wa kusini, sasa lilipanda kaskazini kando ya ziwa Michigan hadi katikati ya jiji, kwenye watu wenye fedha na vyombo vya habari. Weusi walibaki wengi, lakini sasa seneta wa Hyde Park, mtaa wa Obama, alikuwa pia mwakilishi wa watu wanaochangia kampeni za taifa. Obama mwenyewe alikaa na mtaalamu wa ramani wa chama wakati wa kulichora eneo lake, kama walivyofanya wenzake.

---

Karani wa Kamati

Nyota, shukrani, umenipunguzia kazi. Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti, na Obama akawa mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Hapo ndipo miaka sita ya kukaa kimya ilipolipa.

Nichukue sheria moja tu niichambue: kurekodi mahojiano ya polisi.

Mazingira ni haya. Tangu adhabu ya kifo irudishwe Illinois mwaka 1977, watu 12 waliuawa kwa adhabu hiyo na 13 wakaonekana hawana hatia baada ya kuhukumiwa. Januari 2000 Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo. Kesi kadhaa kati ya zile zilisimama juu ya maungamo yaliyotolewa kituoni, bila shahidi wa nje. Dawa iliyopendekezwa: rekodi mahojiano yote ya kesi za mauaji, kuanzia mwanzo, kwa sauti au video, mtuhumiwa akiwa mikononi mwa polisi kituoni.

Polisi walikataa, waendesha mashtaka walikataa, na gavana mpya, Rod Blagojevich, naye alianza kwa kutoikubali. Kazi ya mbeba mswada ilikuwa kuwaketisha wote chumba kimoja, kifungu kwa kifungu. Kila upande ulipata nini?

Watetezi wa watuhumiwa walipata meno: maelezo yasiyorekodiwa yanahesabiwa hayakubaliki mahakamani. Waendesha mashtaka walipata njia ya kutoka: dhana hiyo inaweza kuvunjwa wakithibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Polisi walipata orodha ya mambo yasiyohitaji rekodi: maneno anayoropoka mtuhumiwa bila kuulizwa, mahojiano yaliyofanyika jimbo jingine, na mtuhumiwa anayekataa kujibu akirekodiwa, ila kukataa kwake kurekodiwe inapowezekana. Kila mtu akapata muda: sheria ilisainiwa Julai 2003, ikaanza kuwabana polisi miaka miwili baadaye ili wanunue mitambo na kufunza watu. Seneti ilipiga 58 kwa 0. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa njia ya sheria ya bunge.

Ukitaka kujua mswada mgumu unafikaje 58 kwa 0, tazama hiyo orodha ya mambo yasiyohitaji rekodi. Kila kipengele kina mtu aliyekuwa anasema hapana.

Mwaka huohuo ikapita sheria ya takwimu za madereva wanaosimamishwa: kila askari aandike rangi ya dereva kwa jinsi anavyoiona yeye, sababu ya kumsimamisha, kama gari lilipekuliwa, na kama alipewa onyo au faini. Haikumwadhibu askari yeyote. Ilijenga kumbukumbu, kuanzia Januari 2004, na Chuo Kikuu cha Northwestern kikapewa kuzichambua. Wapo waliosema ni sheria dhaifu. Mimi naona bila namba hizo mjadala wa ubaguzi barabarani ungebaki neno la dereva dhidi ya neno la askari.

---

Mtu wa Kura

Ongeza na upande wa pili, Karani. Baadhi ya wenzake walilalamika waziwazi kwamba Emil Jones alichukua miswada waliyoipigania miaka mingi, akamkabidhi Obama aipeleke hadi mwisho, ili awe na cha kuonyesha mwaka 2004. Mtu aliyebeba mswada miaka sita akiwa wachache, anaona sherehe ya kusaini inakwenda kwa mwingine. Inauma, na ni sehemu ya ukweli wa kazi hii.

Na mswada wake wa bima ya afya haukutoka mzima. Rasimu ya kwanza ilitaka kulilazimisha jimbo liwe na mpango wa bima kwa watu wote. Baada ya kampuni za bima kupiga kelele, kilichopita mwaka 2004 ni tume ya kupendekeza mpango. Tume si bima.

---

Karani wa Kamati

Yote mawili ni kweli. Jones alikuwa na nguvu ya kugawa miswada na aliitumia kwa mtu aliyeamua kumpandisha. Kule wanasema baba wa kisiasa, na Obama alikuwa naye mmoja, mkubwa kuliko wote Springfield.

---

Binti Likoni

Mlisema mtafika mwaka 2000. Aligombea Congress dhidi ya Bobby Rush, aliyekuwa na kiti hicho, akaanguka vibaya. Alibakije na kiti cha jimbo? Kwetu Kenya mwakilishi wadi akiutaka ubunge lazima aiache wadi, maana uchaguzi wote ni siku moja.

---

Mwalimu wa Uraia

Hapo ndipo penye siri ya kalenda, Binti, na wachache huiona.

Maseneta wa Illinois hawachaguliwi wote pamoja. Ndani ya kila miaka kumi, maeneo yamegawanywa makundi matatu: moja lina vipindi vya miaka 2, 4 na 4, la pili 4, 2 na 4, la tatu 4, 4 na 2. Obama alichaguliwa 1996 kwa miaka 2, 1998 kwa miaka 4, na 2002 kwa miaka 4. Hesabu mwenyewe: mwaka 2000 kiti chake hakikuwa kwenye uchaguzi. Mwaka 2004 nako hakikuwa. Aliweza kugombea nafasi ya juu mara mbili akiwa ameshika ya chini. Akishindwa, Jumatatu anarudi kazini. Mbunge wa jimbo ambaye kalenda yake inagongana na ya taifa hana nafasi hiyo, inabidi aruke bila kamba.

Kwa Rush alipata asilimia 30 dhidi ya 61. Mambo matatu yalimwangusha. Rush alikuwa mtu wa zamani wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, amekita mizizi, na alikuwa ametoka kumzika mwanawe aliyeuawa kwa risasi Oktoba 1999, watu walimhurumia. La pili, mwisho wa Desemba 1999 Seneti ya jimbo iliitwa kupiga kura juu ya mswada wa silaha, ukapungukiwa kura chache, na Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto akiwa mgonjwa. La tatu, wazee hawakusahau Palmer. Alionekana mtu wa chuo kikuu mwenye haraka.

Alichojifunza ni hesabu ya mahali. Eneo la Congress la kwanza lilitaka mtu wa mtaani. Jimbo zima la Illinois lilikuwa na mchanganyiko mwingine: weusi wa Chicago, wazungu wa kando ya ziwa, wakulima wa kusini. Akaanza kuzunguka kusini mwa jimbo, na wale maseneta wa mashambani aliocheza nao karata usiku Springfield wakamfungulia milango.

---

Nyota ya Ziwa

Na fedha, Mwalimu, usiziruke. Kura za maoni za Democratic za Machi 2004 zilikuwa na watu saba. Tajiri Blair Hull alitumia zaidi ya dola milioni 28 za mfukoni mwake. Sheria ya fedha za uchaguzi ya 2002 ilikuwa na kifungu kuhusu wagombea matajiri: mpinzani akimwaga fedha zake binafsi kupita kiwango, kikomo cha mchango kwa wagombea wengine kinapanda, kutoka dola 2,000 kwa mchangiaji mmoja hadi dola 12,000. Kila Hull alipotumia, wafadhili wa Obama waliruhusiwa kutoa zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kukifuta kifungu hicho mwaka 2008, lakini 2004 kilikuwa hai.

Kambi ya Obama ilikalia fedha zake, ikazitumia kwenye televisheni wiki za mwisho tu. Mwishoni mwa Februari kumbukumbu za talaka za Hull zikafunguliwa, akaporomoka, na matangazo ya Obama ndiyo yakawa hewani wapiga kura walipokuwa wanatafuta pa kwenda. Akapata karibu asilimia 53 kati ya watu saba. Juni, Republican Jack Ryan naye akajitoa baada ya kumbukumbu za talaka yake kufunguliwa. Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mwezi Agosti. Novemba ikawa asilimia 70 kwa 27.

Bahati ilikuwepo. Ila bahati ilimkuta ana fedha bado hajazitumia, ana sheria za kutaja, na ana vyama vya wafanyakazi wa huduma na walimu upande wake.

---

Goma Ndani

Bandugu, mie nataka kuongea juu ya Washington, kwa sababu kuko sheria moja inatugusa sisi watu wa mashariki ya Kongo na hakuna aliyeitaja.

Alipofika Seneti ya Marekani Januari 2005 alikuwa wa 99 kwa ukongwe kati ya 100. Mtu wa chini vile hapewi mambo makubwa. Alikuwa kwenye Kamati ya Mambo ya Nje, na Desemba 2005 akaleta mswada namba S. 2125 juu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: msaada, usalama na demokrasia. Seneti iliupitisha bila mtu kupinga, na Bush akaitia saini tarehe 22 Desemba 2006. Hiyo ndiyo moja ya sheria chache ambazo Obama ndiye aliyezianzisha kwa jina lake Washington.

Ndani yake kuko nini? Msaada usiopungua dola milioni 52 kwa mwaka wa fedha 2006 na tena 2007. Wito kwamba Marekani iteue mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu. Na kifungu cha 105, chenye kumruhusu Waziri wa Mambo ya Nje azuie msaada kwa serikali yoyote ya nje inayovuruga Kongo.

Sasa ona shida ya kifungu hicho. Kinampa waziri ruhusa, hakimlazimishi. Mwenye sheria alipokuwa rais mwenyewe, Howard Wolpe alipewa kazi ya mjumbe mwaka 2009, kisha hapakuwa na mjumbe wa uzito huo mpaka Russ Feingold mwaka 2013. Katikati hapo, Novemba 2012, waasi wa M23 waliingia Goma. Julai ile ya 2012 Marekani ilikuwa imezuia kwa Rwanda msaada wa kijeshi wa dola 200,000. Watu wetu walikisoma kifungu cha 105 na kuuliza kwa nini kisitumike kwa nguvu. Mimi bado nauliza.

---

Karani wa Kamati

Goma Ndani, umeleta jambo zito na nakushukuru. Ni tofauti ileile kati ya "aweza" na "lazima". Kwenye sheria ya mahojiano ya Illinois alisimamia neno "lazima", na jaji analo la kushika. Kwenye ya Kongo alikubali "aweza", kwa sababu wizara ya mambo ya nje na rais hawapendi kufungwa mikono, na seneta wa 99 hana nguvu ya kuwafunga.

Niongeze moja ya Washington kuonyesha ufundi wa Springfield ulihamia. Mwaka 2006 yeye na Tom Coburn, Republican wa Oklahoma, walileta mswada wa kuweka matumizi ya serikali kwenye tovuti moja inayotafutika bure: nani kapewa kandarasi, kiasi gani. Seneti ile wakati huo ilikuwa na mazoea ya seneta mmoja kuushikilia mswada kimyakimya. Agosti 2006 kuna aliyeushikilia. Wananchi wakapiga simu ofisi za maseneta mmoja mmoja wakiuliza "ni wewe?", mpaka Ted Stevens wa Alaska akakiri. Ukaachiliwa, ukasainiwa tarehe 26 Septemba 2006. Ni kamati ya Pate Philip tena, mswada unafia gizani. Safari hii taa iliwashwa.

---

Binti Likoni

La mwisho kwangu: viti vyake alivyoviacha vilijazwaje? Uchaguzi mdogo?

---

Mwalimu wa Uraia

Hapana, na kila kiti kina njia yake.

Cha Springfield alikiacha Novemba 2004. Illinois haiitishi uchaguzi mdogo wa kiti cha jimbo. Viongozi wa chama chake ndani ya eneo hukutana kabla ya siku 30 na kuteua mtu wa chama hichohicho, kila mmoja akiwa na uzito wa kura kulingana na idadi waliopiga kura za maoni za chama kwenye sehemu yake. Walimteua Kwame Raoul, wakili, mtoto wa Wahaiti. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 2019 alipoapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois.

Cha Washington alikiacha tarehe 16 Novemba 2008 baada ya kushinda urais. Hicho kiliangukia kwa gavana kuteua, na gavana alikuwa Blagojevich, aliyekamatwa tarehe 9 Desemba kwa tuhuma za kutaka kukiuza. Hata hivyo alimteua Roland Burris. Katibu wa Jimbo akakataa kutia saini cheti cha uteuzi, Mahakama ya Juu ya Illinois ikaamua uteuzi ni halali bila saini yake, na Burris akaapishwa katikati ya Januari 2009. Katibu huyo aliyekataa ni Jesse White, yuleyule aliyechomoa jina la Bilandic mwaka 2001.